Kabla hujaongeza klorini, jua iliyopo ni ipi

Vijana wanaoanza kazi kwenye mitambo ya kusafisha maji huniuliza waanze na istilahi zipi. Huwa nawaambia waanze na tatu za klorini: unayotia, inayoliwa na maji, na inayobaki. Ukitia miligramu 3 kwa lita, maji yakala 2.5, inabaki 0.5. Hiyo iliyobaki ndiyo inayoyalinda maji bombani. Shirika la Afya Duniani linataka ifike walau 0.5 baada ya dakika 30, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa chini ya 8, na kwa mteja isipungue 0.2. Masika yakianza mto huja na tope na majani yaliyooza, maji yakala klorini zaidi. Dozi ya kiangazi haikufai tena.

Hata inayobaki ina sura mbili: klorini huru, na iliyofungwa, yaani iliyokwisha kuungana na amonia. Iliyofungwa ni dhaifu kuua vijidudu, ila harufu yake inaweza kuwa kali kweli, ndiyo maana simwamini mtu anayepima kwa pua. Tia kidonge cha DPD namba 1, dawa inayoyageuza maji kuwa ya waridi yakiwa na klorini, usome klorini huru, kisha humohumo ongeza namba 3 usome jumla. Tofauti yake ndiyo iliyofungwa. Na rangi ya waridi ikitokea mara ikafutika, usikimbilie kuongeza dozi! Huenda klorini ni nyingi mno hata imeiunguza rangi yenyewe. Changanya sampuli na maji yasiyo na klorini, upime upya.

Tope hupimwa kwa vizio vya NTU, na vizuri lishuke chini ya 1 kabla ya klorini, kwa kuwa vijidudu hujificha ndani ya chembe zake. Shabu ndiyo inayozikusanya chembe hizo zizame. Kiasi chake usikikisie, fanya jaribio la bika, yaani jaribu dozi tofauti kwenye bika kadhaa uone ipi inafaa, kila maji ya mtoni yanapobadilika.

Kwenye majitaka utakutana na BOD na COD, vipimo viwili vya uchafu. Ya kwanza ni oksijeni wanayotumia bakteria kula uchafu kwa siku 5 katika nyuzijoto 20. Ya pili ni oksijeni inayohitajika kuuchoma uchafu kwa kemikali, hata ule unaowashinda bakteria, na majibu hupatikana siku hiyohiyo. Kwa hiyo kwa sampuli moja COD ndiyo huwa kubwa. Ukiletewa ripoti yenye BOD iliyoizidi COD, usiisaini, irudishe maabara wapime tena.