Maswali na Majibu: Ni tiba gani itakayoniondolea hisia nyepesi?

Swali: Tangu utotoni kelele, mwanga mkali na maneno makali hunichosha kuliko wenzangu, na machozi hunitoka upesi. Mnasihi niliyemwendea aliniambia nijikaze. Sasa nimeona tangazo la mafunzo ya siku 30 ya kuua hisia nyepesi. Je, yanasaidia? Na nitampataje mtaalamu atakayenielewa?

Jibu: Ndugu msomaji, usilipie mafunzo hayo. Swali lako hunijia karibu kila wiki, na ndani yake hujificha dhana ileile: kwamba wepesi wa kuhisi ni ugonjwa, kwa hiyo lazima iwepo dawa ya kuung'oa. Wanasaikolojia Elaine Aron na Arthur Aron, waliochapisha dodoso la kuupima mwaka 1997, waliueleza kuwa ni sifa ya kimaumbile ya mtu ambaye mfumo wake wa fahamu huchambua kwa kina yale anayoyaona, kuyasikia na kuyahisi. Haumo katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa DSM-5, wala katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Anayeahidi kuuua kwa siku 30 anatibu ugonjwa alioubuni mwenyewe.

Matapeli wa matangazo nimewazoea. Ninaoshindwa kuwavumilia ni wenye vyeti wanaosema "jikaze". Hoja yao ni kwamba, kwa kuwa mwenye hofu ya lifti hutibiwa kwa kuizoea hatua kwa hatua, basi anayechoshwa na kelele naye atumbukizwe kwenye kelele mpaka awe sugu. Hofu hupungua kwa sababu mtu hugundua kwamba hatari aliyoitarajia haikutokea. Wewe hutarajii hatari yoyote. Umechoka tu, na uchovu hauondoki kwa kuongezewa kinachouleta. Nimewapokea wengi waliopitia mazoezi hayo, na walichojifunza ni kutabasamu mbele ya mtaalamu, kusema wamepona, kisha kwenda kujifungia chumbani gizani kwa saa kadhaa.

Linalosahaulika ni kwamba wepesi huohuo hulifanya jema nalo lizame moyoni. Michael Pluess na Ilona Boniwell, katika utafiti wao wa mwaka 2015 kuhusu mpango wa shuleni wa kuzuia sonona kwa wasichana nchini Uingereza, waliona kuwa walionufaika ni wale wenye wepesi mkubwa wa kuhisi, ilhali kwa wenye wepesi mdogo mpango huo haukuonyesha manufaa. Ndiyo maana uchaguzi wa mtaalamu una uzito mkubwa kwako.

Katika kikao cha kwanza muulize waziwazi lengo la tiba litakuwa nini. Akijibu kwamba atakufanya usihisi, aga uondoke. Akizungumzia namna ya kupanga mapumziko kabla hujaelemewa, kutenganisha ukosoaji wa kazi yako na dharau kwa nafsi yako, na kuitibu aibu uliyorundikiwa tangu utotoni, endelea naye. Tazama pia jambo dogo: ukimwomba azime feni inayokwaruza, je, anaizima na mazungumzo yakaendelea, au anacheka kwanza?

Hata hivyo, asiwe mtu wa kulipokea jina ulilojipa bila kuhoji. Usonji, wasiwasi uliokithiri, sonona na athari za kiwewe huweza kufanana na unayoyaeleza, na kila kimoja kina msaada wake. Atakuuliza kuhusu usingizi, utoto wako na dawa unazotumia. Mpe majibu kamili. Kwako hali hii ni ya tangu utotoni, lakini ambaye imemwanza ghafla ukubwani afanyiwe uchunguzi kabla ya kujiita mwenye hisia nyepesi.

Njia ya mkato ninayoiogopa kuliko zote ni vidonge vya kutuliza, kama diazepamu, vinavyonunuliwa bila cheti cha daktari ili mtu avumilie sherehe au ofisi yenye kelele. Vikitumiwa kila siku, wiki chache zatosha kumfanya mtu avitegemee, na kelele itabaki ileile. Aliyekwisha kuvizoea asiviache kwa mkupuo, kwani huweza kupatwa na degedege. Amwone daktari ampangie kuvipunguza kidogo kidogo.