Darasa zima likikosea swali la mantiki

SWALI: Mwalimu shikamoo. Chuoni tuliwekewa kadi nne mezani, E, K, 4 na 7, kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Sheria inasema kadi ikiwa na irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Tukaulizwa lazima tugeuze zipi ili kujua kama sheria inafuatwa. Karibu darasa zima tulisema E na 4, tukaambiwa tumekosa. Mwenzangu anadai kama watu wengi hivyo wanakosea basi mantiki yenyewe ndo ina shida. Ni kweli?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Hapana, mwenzako kachanganya mambo mawili. Swali hilo ni la Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alilitoa 1966, na wanaolipata kwa kawaida hawafiki hata mmoja kati ya kumi, kwa hiyo msijione wajinga. Jibu ni E na 7. Ile 4 iacheni, sheria haijasema kila shufwa lazima iwe na irabu, nyuma mkute A au K yote sawa tu, ila 7 mkiigeuza mkakuta A hapo sheria imeshavunjwa, na hiyo ndo watu wanairuka.

Sasa sikia hii, mi ndo naipenda kuliko zote. 1982 watafiti Griggs na Cox kule Florida, Marekani, wakaleta sheria nyingine, anayekunywa bia lazima awe na zaidi ya miaka 19. Kadi zao, upande mmoja kinywaji na wa pili umri wa mnywaji: bia, soda, miaka 22, miaka 16. Karibu robo tatu ya watu wakapatia, wakageuza bia na 16. Na muundo ni uleule kabisa! Bia ndo E, 16 ndo 7.

Yani kichwa hakishiki umbo tupu la sentensi, kinaangalia inaongelea nini. Sababu bado wanabishania, mwanasaikolojia Leda Cosmides anasema tumezaliwa na jicho la kumnasa anayedanganya, wengine wanasema tumezoea tu sheria za ruhusa na masharti. Hiyo ni kazi ya saikolojia, kujua watu wanafikaje kwenye jibu. Mantiki yenyewe inauliza kama jibu linatokana kweli na yaliyosemwa, hata kama hakuna aliyelipata, na Frege, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliupigania sana mpaka huo kati ya mantiki na saikolojia tangu 1884, mi naona alikuwa sahihi.

Mwenzako mpe ile ya bia. Akipatia, muulize mbona hakuigeuza 22, maelezo atakayokupa ndo hayohayo ya kuiacha 4.