Usinisimulie Ngoswe, nipe hoja

Wadogo zangu mnaoanza kidato cha tatu hapa Moshi, vitabu vya fasihi ndiyo hivyo mmekabidhiwa. Nawaomba msipite nilikopita mimi.

Kwenye moko, mtihani wa majaribio, tuliulizwa namna uzembe unavyoiathiri jamii, tutumie tamthiliya tulizosoma. Nikafurahi, kwa sababu Ngoswe ya Edwin Semzaba nilikuwa naijua kama njia ya nyumbani. Nikajaza kurasa tatu: Ngoswe, karani wa sensa, kafika kijijini, kampenda Mazoea, wakatoroka, mzee Mitomingi, baba wa binti, kachoma makaratasi ya sensa. Nikapata 5 kati ya 15. Pembeni mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: "Hadithi naijua. Hoja yako iko wapi?" Iliniuma, ila alisema kweli.

Hoja ni dai linalojibu swali, nalo linatangulia. Andika kwanza kwamba uzembe wa mtumishi mmoja unaweza kuwanyima haki watu wasio na kosa. Hapo sasa mlete Mitomingi na moto wake. Usimwache hapo hapo. Wengi wetu tunaishia kwenye mfano tukidhani umejieleza. Eleza kilichoungua ni nini. Makaratasi yale ni idadi ya watu, na serikali hupanga shule na zahanati kwa kuangalia idadi hiyo. Moto uliwashwa kwa hasira ya baba mmoja, lakini hasara ni ya kila kaya iliyohesabiwa. Sentensi hizo mbili tatu baada ya mfano ndizo zinazobeba alama.

Hata neno moja linatosha kuwa ushahidi. Jina kamili la tamthiliya ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Kwa nini kitovu, wakati neno chanzo lipo? Mtoto akiwa tumboni hulishwa kupitia kitovuni. Basi penzi lile halikuuanzisha uzembe tu, liliendelea kuulisha siku hadi siku. Ukiandika hivyo, msahihishaji anajua kitabu umekisoma mwenyewe, hukukariri notsi za mtu.

Utangulizi usikusumbue: taja kitabu, mwandishi na msimamo wako, ingia kazini. Hitimisho nalo mistari mitatu inatosha.

Kazi kubwa ni dondoo, maana kwenye chumba cha mtihani kitabu huingii nacho. Sisi tulikuwa tunakutana maktaba ya mkoa Jumamosi, kila mtu na daftari dogo: upande mmoja maneno ya mhusika na ukurasa, upande wa pili hoja yanayoweza kuitetea. Kwa mashairi tuliandika na namba ya ubeti. Ukiwa na uhakika na maneno, yaweke ndani ya alama za mtajo. Yakikutoka kichwani, eleza tukio kwa lugha yako. Tafadhali usimtungie mwandishi maneno. Anayesahihisha kitabu anacho mezani.

Anzeni daftari hilo wiki hii, kitabu kikiwa bado kibichi kichwani.