Kwa maticha wapya wa awali: wa kwanza, wa pili, wa tatu

Ticha uliyepangiwa darasa la awali kwa mara ya kwanza, nikwambie kitu kabla hujaingia na chati zako. Mtoto akikuimbia moja mpaka ishirini usidhani ndo keshajua nafasi, yaani kipi cha kwanza, kipi cha pili. Mpangie vizibo vitano vya soda mwambie nipe cha tatu, uone, wengi wanazoa vitatu wanakukabidhi huku wanacheka, na kuhesabu wamehesabu sawasawa ila wamekuletea idadi. Kwahiyo awe anagusa kimoja kimoja anatamka cha kwanza, cha pili, cha tatu, akifika hapo ananyanyua hichohicho tu vingine vinabaki mezani. Rudia hata wiki nzima na usivuke cha tano, haraka ya nini.

Kuhesabu nafasi za watu kuje baadaye, maana watoto watatu na mtoto wa tatu kwenye sikio la wa miaka mitano ni kitu kilekile. Kwa viti na vikombe hapachanganyi hivyo, viti vitatu, kiti cha tatu, anasikia tofauti.

Halafu kitu kinachosahaulika sana ni kusema unaanzia wapi. "Nani wa pili?" bila kutaja upande hilo sio swali bana. Mi foleni ya kunawa mikono kabla ya uji naiona bora kuliko ubao, wa kwanza ni aliye karibu na ndoo, hata mgeni haulizi. Wakishazoea waambie geukeni nyuma, beba ndoo peleka upande ule mwingine, uliza sasa wa kwanza nani? Aliyekuwa wa mwisho anaruka ruka, aliyekuwa mbele ananuna. Ila wakiwa watano, yule wa katikati alikuwa wa tatu na bado wa tatu, hapo usiwape jibu, waache wabishane kwanza.

Mashindano ya mbio punguza, huko kila mtoto ukimuuliza wewe wa ngapi anajibu wa kwanza, hata aliyefika anachechemea.

Na siku za wiki ziweke pembeni kabisa, utaulizwa mbona Jumatatu ndo siku ya kwanza ya shule wakati ina tatu, uanze kueleza kwamba majina yanahesabiwa toka Jumamosi, kwa mtoto wa awali huo ni mzigo. Ukitaka kalenda anza na miezi, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, hizo anazisikia nyumbani kila siku.