Usiandike "whole" ukikusudia zote

Dada wa Kakamega, usimtumie mnunuzi wako sentensi hiyo. Umeuliza namna ya kutumia neno "whole" katika sentensi za kila siku, linavyotamkwa, na linavyotofautiana na "complete", kisha ukatoa mfano wa makubaliano yako ya nyanya: "You will pay for whole crates." Wewe unakusudia kreti zote. Yeye atasoma kreti zilizojaa tu.

Mimi niliuza mayai kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa sentensi ya aina hiyo hiyo, "Payment will be made for whole trays", nikiamini nimeandika trei zote. Trei huwa na mayai 30. Baada ya Mau Summit, Kericho, Ahero na matuta yote yaliyopo katikati, trei nyingi zilifika zikiwa na yai moja au mawili yaliyopata ufa, na mnunuzi, akiwa na karatasi yangu mwenyewe mkononi, alilipia zile tu ambazo mayai yake 30 yalikuwa salama. Trei nyingine, zenye mayai 28 au 29 yasiyo na dosari, alizipokea kwa neno asante. Siku hiyo niliwafadhili watu wa Kisumu kiamsha kinywa, na hakuna aliyenialika kukata utepe.

Namlaumu mwalimu wa masomo ya jioni aliyeandika ubaoni kwamba "all" na "whole" ni sawa na "-ote", akaweka na alama ya usawa kana kwamba ni hesabu, kisha akapokea karo. Kiswahili chake mwenyewe kingemsahihisha, kwa kuwa mtu akisema mayai mazima yamefika, hakuna anayedhani kwamba yamefika yote. Tunaelewa ni yale ambayo hayakupasuka. "The whole tray" ni trei nzima, lakini "whole trays" ni trei zilizo kamili, na zilizopungua hazimo. Hata asili ya neno ni hiyo: katika Kiingereza cha kale lilikuwa "hāl", yaani mwenye afya, na ni ndugu wa "heal" na "health". Sisi nasi huulizana "U mzima?", wala sijasikia mtu akiulizwa "U wote?"

Basi tamka sentensi kwa Kiswahili kabla ya kuiandika. Ikiwa unazungumzia vitu vingi na ulimi umetoa "zote", "vyote" au "yote", andika "all", na ufanye vivyo hivyo kwa kisichohesabika, kwa maana maji yote ni "all the water", kamwe si "the whole water". "Whole" iwekee kitu kimoja: siku nzima, kuku mzima, kijiji kizima.

Mwandikie hivi: "You will pay for all the crates delivered, full or not." Kama ile ya kwanza imeshamfikia, mpigie simu kabla gari halijapakiwa, na ikiwezekana mkubaliane bei kwa kilo.