Maswali Yenu: Je, matembezi ya msituni yanatibu?

Katika toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache matembezi ya msituni yanayoendeshwa na kiongozi kwa ajili ya afya ya mwili na akili. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua tatu ambazo kwa pamoja zinabeba karibu yote mliyouliza.

Swali: Mimi ni mhasibu katika ofisi moja mjini Mwanza. Tangu mwaka jana silali vizuri; nikifumba macho tu, hesabu za mchana zinaanza kujipanga upya kichwani, na kosa dogo nililolifanya saa nne asubuhi linanisumbua hadi saa nane usiku. Rafiki yangu aliyewahi kuishi Japani anasema huko watu hupelekwa msituni, wakatembea polepole na kiongozi wao, na kurudi wakiwa wepesi. Je, jambo hili lina msingi wa kisayansi, au ni starehe ya wenye nafasi? Na hapa kwetu penye mawe kuliko miti, huo msitu nitaupata wapi? — *Msomaji, Nyegezi*

Jibu: Dada yangu, pole kwa kazi, na pole zaidi kwa hizo saa za usiku. Rafiki yako hakukudanganya. Mwaka 1982 Idara ya Misitu ya Japani ilianza kuwahimiza wananchi kwenda msituni kwa ajili ya afya, desturi iliyopewa jina la shinrin-yoku, na baadaye wanasayansi wa huko wakaanza kupima kinachotokea mwilini. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2010, vijana wapatao 280 walipelekwa kwenye maeneo 24 ya misitu nchini humo. Nusu ya kila kundi walitembea na kukaa msituni huku wenzao wakifanya vivyo hivyo mjini, na siku iliyofuata wakabadilishana. Walipokuwa msituni walionekana kuwa na kiasi kidogo zaidi cha kotisoli, ambayo ni homoni inayopanda mtu anapoelemewa na msongo, na mapigo ya moyo pamoja na shinikizo la damu vilikuwa chini kuliko walipokuwa mjini.

Kinachogusa shida yako moja kwa moja ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa mwaka 2015. Watu waliotembea kwa dakika 90 kwenye eneo la nyasi na miti walieleza baadaye kwamba ile tabia ya kuyarudia-rudia mawazo mabaya kuhusu nafsi zao imepungua, ilhali waliotembea muda huohuo kando ya barabara yenye magari mengi hawakuona nafuu hiyo. Naomba uyapokee matokeo haya kwa kipimo chake. Washiriki walikuwa wachache, na nafuu iliyopimwa ni ya baada ya tembezi moja tu, si ahadi ya kudumu. Hata hivyo, kwa mtu ambaye akili yake imekuwa jiwe la kusagia lisilo na nafaka, nafuu ya alasiri moja inaweza kuwa mlango wa kulala usiku huo, na mimi naona inastahili kutafutwa.

Kuhusu mahali, usiyadharau mawe yetu. Kutoka Capri Point mashua hukuvusha kwa dakika chache hadi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2.18 ukijumlisha na maji yake, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Wengi wetu tulipelekwa pale tukiwa watoto ili tuone wanyama, tukakimbizwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, kisha tukarudishwa kwenye mashua. Nenda sasa kwa namna nyingine. Chagua jabali moja lenye kivuli, kaa, uliangalie tu. Baada ya dakika kumi hivi utamwona mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, akijiinua na kujishusha kwa miguu ya mbele kana kwamba anapima uzito wake, akisimama, akisikiliza, kisha akirudia tena. Kama ni asubuhi, pimbi watatoka nyufani kuota jua, mmoja baada ya mwingine, wadogo wakiwa wamebanana mgongoni na ubavuni mwa wakubwa. Macho yanapofuata mambo kama hayo, hesabu hukosa pa kukaa. Hilo ndilo tembezi lenyewe, hata kama hujapiga hatua mia mbili.

Jambo moja nisilifiche: kukosa usingizi kwa mwaka mzima ni suala la kumwona daktari, na msitu usiwe sababu ya kuahirisha miadi hiyo.

Swali: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Nilikulia machungani, nimelala kwenye ngitili na ng'ombe wa baba yangu, na porini nimetembea kabla hamjaanza kuandika habari hizi. Leo nina shinikizo la damu na magoti yananiuma. Binti yangu anataka kunipeleka kwenye hayo matembezi. Kuna nini kipya huko ambacho mchungaji hakijui? — *Mstaafu, Ilemela*

Jibu: Shikamoo, Mzee wangu. Kwa kweli mengi unayajua kuliko sisi, na ngitili za Usukumani, yale malisho yanayofungwa ili nyasi na miti ipone, ni ushahidi kwamba watu wa huku walijua kuliacha pori lipumzike. Tofauti iliyopo ni ya kusudi. Mchungaji huenda porini akiwa kazini: jicho liko kwenye ndama aliyebaki nyuma, sikio liko kwa fisi, na jua likianza kuinama anahesabu mifugo. Katika matembezi haya huna cha kulinda wala cha kutafuta. Kwa saa mbili au tatu kundi huenda umbali usiofika hata kilomita mbili, na sehemu kubwa ya muda huo mtu amekaa au amesimama.

Kwa hiyo magoti yasikutishe. Chukua fimbo, mwombe kiongozi achague njia ya tambarare, na toka mapema, saa moja na nusu hivi asubuhi, ili mmalize kabla jua halijawa kali. Beba maji ya kunywa. Dawa zako za shinikizo la damu zimeze kama ulivyoandikiwa, siku ya matembezi na siku nyingine zote. Ikitokea vipimo vinashuka baada ya wiki kadhaa za mwendo na utulivu, atakayeamua kupunguza dozi ni daktari wako, si wewe na wala si kiongozi wa matembezi.

Na siku ambayo magoti yamekataa kabisa, hamishia kiti chako chini ya mwembe. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa kutoa kibofu cha nyongo. Alilinganisha 23 waliolazwa kwenye vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti na wenzao 23 ambao madirisha yao yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Hawakutembea hata hatua moja kuifuata miti hiyo. Mwambie binti yako, basi, kwamba unaweza kuanzia uani.

Swali: Nina miaka 26, ninaongoza wageni Mwanza na visiwani. Wageni wawili wameniuliza kama ninaweza kuwaandalia matembezi ya aina hii. Nijifunze nini, na je, aina ya miti ina maana yoyote? — *Kijana wa Kirumba*

Jibu: Kijana wangu, swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu tembezi la namna hii hufaulu au huharibika mikononi mwa kiongozi. Ugumu wako wa kwanza utakuwa kunyamaza. Umezoea kutaja jina la kila ndege na umri wa kila jabali, na mgeni amezoea kukulipa kwa hilo. Hapa kazi yako ni kupunguza mwendo wa watu na kuwapa jambo moja dogo la kufanya kwa wakati mmoja. Waambie wasimame wafumbe macho, wasikilize sauti ya karibu kabisa kisha ile ya mbali kabisa. Waache dakika kumi na tano. Kisha waambie watembee mwendo ambao mtoto anayejifunza kutembea angewapita, wakiangalia kila kinachosogea. Kisha kila mtu atafute mahali pake pa kukaa peke yake, wewe ukiwa unawaona wote. Baada ya kila zoezi wakusanye, uulize kila mmoja ameona nini, na asiyetaka kusema aachwe. Mwishoni mimina chai. Mpangilio huu unafanana na ule unaofundishwa na chama cha waongoza matembezi ya msituni kilichoanzishwa Marekani mwaka 2012 na Amos Clifford, na ukipata nafasi ya kusoma mafunzo rasmi usiiache.

Kuhusu miti, ndiyo, ina maana, ingawa si kwa ukubwa unaotangazwa. Profesa Qing Li wa Japani aliwapima wanaume wachache waliokaa msituni siku tatu na kukuta utendaji wa seli za kinga ziitwazo NK umeongezeka, na anaamini kwamba sehemu ya sababu ni mvuke wenye harufu unaotolewa na miti, hasa ile ya jamii ya misindano. Ukitaka harufu kama hiyo ukanda huu, lipo Shamba la Miti la Rubya huko Ukerewe, ambako utahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Lakini usije ukaandika kwenye tangazo lako kwamba unatibu saratani au kisukari. Andika kwamba unawapa watu saa tatu za utulivu chini ya uangalizi; hilo unaweza kulitimiza.

Usalama ni wako. Wageni watatamani kuvua viatu na kuingiza miguu ziwani, kwa kuwa wameambiwa waguse na wahisi. Wakatalie. Kichocho kipo kwenye maji ya kando ya ziwa, na penye matete pana uwezekano wa mamba. Kama wanataka kugusa, wapeleke kwenye mkuyu ulioota juu ya jabali, pale mizizi inaposhuka kwenye jiwe ikitafuta ufa, waweke kiganja kimoja kwenye mzizi na kingine kwenye jiwe lililo kivulini. Angalia pia majira: wakati wa masika majabali huteleza, na radi za ziwani si za kusubiria chini ya mti.

Kundi lisizidi watu wanane mpaka uwe mzoefu. Pita njia hiyo peke yako siku moja kabla, saa ileile utakayowapeleka, ukague kivuli kinaangukia wapi na siafu wamepita wapi.