Neno Uliloniomba, Mwanangu

Marahaba, mwanangu.

Sauti yako nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza umeme ulikatika na simu ilikuwa na asilimia nne, mara ya pili baba yako alikohoa mwanzo hadi mwisho, ya tatu ndiyo nikakaa kibarazani peke yangu nikakusikia sawasawa. Nakuandikia kwa sababu kujibu kwa sauti siwezi. Nikianza kuongea na simu najikuta napaza sauti kama niko paredi.

Uliniuliza jambo moja tu. Umeitwa kutafsiri hospitalini hapo Louisville, chumbani yuko mama wa Kikongo kutoka Uvira na mwanawe wa miaka 19. Daktari anasema huyu kijana ni transijenda, kisha anakugeukia wewe, na wote wanakutazama mdomo. Ukasema, "Anajiona ni mwanamke." Yule mama akasonya. Tangu siku hiyo hulali vizuri, na unataka nikupe neno moja la Kiswahili fasaha ulitumie safari nyingine.

Nianze na hilo la kujiona, maana ndilo lililomfanya mama wa watu asonye. Kwetu anayejiona ni mwenye maringo. "Anajiona huyo!" ndivyo tulivyosema juu ya jirani yetu aliyenunua gari kabla ya kuezeka jiko. Kwa hiyo hakusikia habari ya moyo wa mwanawe, alisikia habari ya kiburi. Ungesema "anajitambua kuwa ni mwanamke" ungekuwa umebeba heshima kidogo mkononi, kwa sababu kujitambua kwetu ni sifa. Tunayemsema vibaya ni yule asiyejitambua.

Na lile swali la daktari, kijana anatumia viwakilishi gani, ulipolitafsiri neno kwa neno akakujibu, "Mimi, wewe, yeye. Kuna vingine?" Hapo nilicheka mpaka baba yako akatoka nje kuuliza nini. Mtoto alikuwa sahihi kabisa! Kiingereza kwa kawaida humlazimisha mtu achague: ukimtaja aliyetoka chumbani, lazima useme kama ni mwanamke au mwanamume hata kama habari yenyewe ni kwamba amekwenda kununua chumvi. Sisi tunasema "amekwenda", basi. Swali la daktari halikuwa na mlango wa kuingilia Kiswahili. Ungeuliza, "Ungependa tukuiteje?" na kazi ingekuwa imekwisha.

Umeshanisikia nikisema hivi tangu una miaka saba na utaguna, lakini nitasema tena: Kiswahili hakiulizi mke au mume, kinauliza mtu au si mtu. Ngeli ya kwanza ni A-WA. Ukiwa humo umo, kilema umo, mfalme umo, mgeni asiyejulikana atokako umo.

Sasa maneno. Nimeyamwaga yote kwenye ungo nikayachagua kama mchele, na mawe ni mengi kuliko punje. Hanithi litupe, lilikuwa tusi la mwanamume aliyeshindwa kazi ya ndoa, halafu wakawa wanamrushia kila mtu. Shoga linaniuma kivyake, maana lilikuwa letu wanawake. Mimi na yule mama wa Barabara ya 8 tumeitana shoga tangu usichana, tukibebeana siri na sahani za futari. Juzi nimemwandikia "shoga yangu umeamkaje", mjukuu akasoma akiwa begani kwangu, akaanguka chini kwa kicheko. Neno limeporwa mchana kweupe. Na hata kwa maana hiyo ya mtaani halikufai, kwa kuwa linasema mwanamume anampenda nani, na wewe uliulizwa mtu ni nani. Hayo ni maswali mawili.

Huntha ni neno lenye heshima zake, lina mlango wake katika vitabu vya mirathi alivyosoma babu yako, lakini ni la aliyezaliwa na maumbile ya kike na ya kiume yasiyopambanuka. Wakenya waliwahesabu katika sensa ya 2019 wakapata watu 1,524. Hilo ni jambo la mwili tangu siku ya kuzaliwa, usilichanganye na hili lako. Redioni husema "aliyebadili jinsia". Linaeleweka, ila wewe mwenyewe umenisimulia kwamba yule kijana alisema hajabadili kitu, amekuwa hivyo siku zote. Basi umwambie mtu amebadilika ilhali yeye anakwambia hajabadilika?

Halafu kuna jike dume. Hapa nilisimama, nikaenda kuchemsha chai ambayo sikuinywa.

Hii sijawahi kukusimulia, ingawa baba yako anaijua kwa moyo. Mwaka 1987, darasa la sita, nafundisha ukubwa wa majina. Mtoto, toto. Mtu, jitu. Nikaomba sentensi. Kijana mmoja wa nyuma, mcheshi, akasimama, akatazama dirishani alipokuwa ameketi mwenzake, akasema, "Jitu yule anatembea kama jike."

Darasa likalipuka. Huyo wa dirishani sitamtaja, Tanga ni ndogo. Alikuwa mtoto wa sauti nyembamba, mwandiko mzuri kuliko wote, na wakati wa mapumziko alikuwa akikaa na wasichana chini ya mwembe wakisuka ukili. Kila mtu alijua anayesemwa ni nani. Mimi, mwalimu wao, nikagonga meza kwa rula. "Makosa! Si yule, ni lile. Si anatembea, ni linatembea." Nikageuka nikaandika ubaoni: Jitu lile linatembea kama jike. Nikawaambia waitikie. Watoto 46 wakaitikia mara mbili, na nilipotazama dirishani midomo yake ilikuwa ikienda pamoja na ya wenzake.

Jioni nikasahihisha madaftari kwa taa ya chemli. Lake lilikuwa na sentensi ile ile, herufi zimepangwa kama zimechapwa, na chini ya "lile" na "linatembea" amepiga mstari kwa rula, kama nilivyoagiza. Nikamwekea vema kwa kalamu nyekundu.

Unaona kilichotokea? Yule mcheshi alikosea sarufi, na katika kukosea kwake alikuwa amemwacha mwenzake kwenye A-WA. Aliyemtoa ni mimi.

Baba yako husema najitesa bure. Utani wa watoto, na ngeli ni ngeli, ulitaka uwafundishe makosa? Tena hunikumbusha, kwa furaha ya mtu aliyekushinda bao, kwamba A-WA si ya watu peke yao: mbuzi amekula kanga, inzi ametua kwenye wali. Ni kweli. Basi siku ile darasani kwangu hata inzi alikuwa na daraja kuliko yule mtoto. Na si kweli kwamba sikujua. Wakati mwingine najiambia nilikuwa na miaka 26, mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi, akili yangu yote iko kwenye andalio la somo. Lakini nilijua, mwanangu. Niligonga meza kunyamazisha kicheko, maana yake nilikisikia.

Miaka kama 15 ikapita. Niko sokoni nachagua vibua, nasikia nyuma yangu, "Shikamoo mwalimu." Nikageuka. Doti ya kanga, moja kiunoni, moja kichwani, hina mikononi, na macho yale yale ya dirishani. Sasa unajua sisi huku marahaba haiendi tupu. Marahaba baba, marahaba mama. Ulimi wangu ukaanza kwenye baba, ukarudi, ukaenda kwenye mama, ukakwama, na muuza samaki ananitazama. Nikasema, "Marahaba mwanangu."

Akatabasamu. Akaniuliza hali, akauliza habari za baba yako, akaupeleka mkono kwenye beseni akanichagulia vibua watatu wabichi kuliko wale wangu. Ndipo akauliza, "Bado unafundisha ngeli, mwalimu?" Nikasema bado. "Haya," akasema, akaenda zake. Mpaka leo sijui kama ilikuwa salamu au alikuwa ananidai.

Nami nilitembea kurudi nyumbani najisifu jinsi nilivyoponyoka na lile "mwanangu", mpaka nikafika kwenye reli nikajiuliza: iliponyoka busara au uliponyoka woga? Woga. Busara ilikuja kuvaa nguo baadaye.

Kwa hiyo ile hoja yangu ninayoipenda ina tundu, na wewe ndiye uliyenionyesha. Kiswahili hakiulizi mke au mume kwenye kitenzi, lakini mlangoni kinauliza: kaka, dada, mjomba, shangazi. Huwezi kukaa nusu saa Tanga bila kumwita mtu kwa udugu fulani. Enzi za Mwalimu Nyerere tuliitana ndugu, mwanamke ndugu, mwanamume ndugu, waziri ndugu, na hakuna aliyedhurika. Lichukue hilo, ni neno zuri, limelala kabatini tu.

Lakini neno moja la kumalizia kazi? Sina. Transijenda liache lilivyo kama kijana mwenyewe ndilo analolitaka. Mimi sina ugomvi na neno la kuazima. Shule tuliipata kwa Wajerumani na meza kwa Wareno, na nimepigia meza hiyo hiyo rula miaka 33. Kisha lifungue kwa maneno ya kawaida: "alipozaliwa walisema ni mvulana, yeye anajitambua kuwa ni msichana." Ni refu, najua. Hata "mtu mwenye ualbino" tulisema ni refu. Nimekua watu wakisema zeruzeru bila kupepesa jicho, mimi pia, mpaka tulipomwona Al-Shaymaa Kwegyir, mwenyewe mwenye ualbino, akiapishwa kuwa mbunge mwaka 2008 na ghafla neno fupi likawa linachoma kinywani. Hakuna aliyekufa kwa kuongeza maneno mawili.

Na ukikuta mahali pameandikwa jinsi na pengine jinsia, jua kwamba wasomi wetu wametenganisha: jinsi ni ya maumbile, jinsia ni ile jamii inayomvika mtu. Tulifundishwa kwenye semina, tukapewa na chai. Halafu nikarudi shuleni nikakuta fomu imeandikwa "Jinsia: Me/Ke" na nikaijaza hivyo hivyo.

Najua unachongoja. Unangoja niseme mimi mwenyewe naonaje, kwa dini yangu na umri wangu. Nimeandika sentensi tatu hapa nikazifuta, na karatasi imechubuka. Unanijua nilikolelewa, unajua bibi yako angesema nini na kwa sauti gani. Ninayo maoni, siyo kwamba sina. Kwa mfano ile kesi ya Kenya ya mwaka 2014, Audrey Mbugua, mwanamke transijenda, alipolishtaki Baraza la Mitihani, na Jaji Weldon Korir akaamuru apewe cheti cha kidato cha nne chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Baba yako na mimi tulibishana siku mbili. Yeye alisema cheti ni kumbukumbu, kinabaki kilivyoandikwa. Mimi nilisema, kama mwalimu, mtihani aliufanya nani? Aliyeshika kalamu ndiye huyo huyo, alama ni zake, mpe. Hapo nilikuwa na uhakika. Kwingine sina, na pale ambapo ninao, nahofia ni uhakika wa aina ile ile niliokuwa nao nimeshika rula. Kwa hiyo usinibane.

Ila umenibana tayari, naona.

Yule mama wa Uvira, uliponiigizia sauti yake, alisema "mtoto yangu" mara nne. Kalamu nyekundu ilikwishainuka kichwani: si yangu, ni wangu. Nimeishusha. Ukiitwa tena kwao, majina usinitajie, najua kazi yako ina siri zake. Niambie tu kama bado anasema hivyo.

Viatu vya baba yako vimefika. Vinambana, yeye anasema havimbani, na tangu asubuhi anatembea navyo uani kunionyesha.

Mama yako